Tume Imetumwa na Nani? Fedha, Usimamizi na Maneno ya Utawala wa Miji katika Afrika Mashariki



1.0 Utangulizi

Mwaka 1996 Serikali ya Tanzania iliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Madiwani walioondolewa walikuwa wamechaguliwa Oktoba 1994, katika uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa kufanyika chini ya mfumo wa vyama vingi. Mahali pao pakawekwa Tume ya Jiji chini ya uenyekiti wa Charles Keenja. Tume hiyo ilikusanya ushuru na kodi, ikapanga matumizi, ikabomoa vibanda na kusimamia usafi wa jiji hadi mwaka 2000, bila mjumbe wake hata mmoja kupigiwa kura na wakazi. Miaka 13 kabla ya hapo, Machi 1983, Serikali ya Kenya nayo ilikuwa imelisimamisha Baraza la Jiji la Nairobi na kuliweka jiji hilo mikononi mwa tume. Tume ya Nairobi iliongezewa muda mara kwa mara, ikadumu hadi uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992.

Wanahistoria na wataalamu wa sayansi ya siasa wameyajadili matukio haya kwa vipimo vyao: mapato, huduma, ugatuzi, vyama. Katika mhadhara huu ninakusudia kuyatazama kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja yangu ya msingi ni kwamba kila mji uliopata kuwako katika pwani na bara yetu umelazimika kujibu maswali mawili: nani anatoa fedha za mji, na nani anamsimamia yule anayezitumia? Majibu yaliyotolewa katika vipindi mbalimbali hayakuhifadhiwa katika sheria na mafaili peke yake. Yamehifadhiwa pia katika maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyafikiria: baraza, diwani, hongo, ruzuku, tume, matumizi. Tukiyafuatilia maneno haya kwa utaratibu wa tarehe, tutaona jinsi maswali hayo mawili, ambayo hapo awali yaliulizwa kwa pamoja, yalivyotenganishwa polepole, na hasara iliyomfika mkazi wa mji kwa kutenganishwa huko.

2.0 Baraza: kutoka kibarazani hadi uwanjani

Tuanze na neno linalojulikana na wote. Baraza, kwa maana yake ya kwanza katika miji ya pwani, ni mahali: ni benchi la mawe au udongo lililojengwa mbele ya nyumba, ama ndani ya ukumbi wa kuingilia, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake. Atembeaye katika vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hata leo atayaona mabaraza hayo. Sifa yake kuu ni kwamba yako katikati ya faragha na hadhara. Mgeni anapokelewa bila kuingizwa ndani kabisa, na mpita njia anasikia yanayosemwa. Watu huketi wakitazamana, na jirani anayetaka kuongeza neno hahitaji ruhusa.

Kutoka mahali, neno likahamia kwa watu wanaokutana mahali hapo, kisha kwa mkutano wenyewe. Sultani wa Zanzibar alifanya baraza, yaani alijitokeza akaketi na watu wake, akasikiliza madai na kupokea salamu. Hapa tayari kuna tofauti ya kimo: mmoja ni mwenyeji wa daima na wengine ni waombaji. Hata hivyo, bado ilikuwa ni lazima mtawala aonekane.

Utawala wa Waingereza ulilichukua neno hili na kulipa kazi nyingine. Katika Kenya hasa, baraza likawa mkutano wa hadhara ulioitishwa na mkuu wa wilaya au chifu, ambapo watu walikusanywa uwanjani kusikiliza amri, matangazo na viwango vya kodi. Benchi liliondoka. Aliyeketi alikuwa ni afisa kwenye kiti chake, na wengine walikaa chini au kusimama. Neno lilibaki lile lile, lakini mwelekeo wa maneno ukawa ni mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Baada ya uhuru neno likapanda ngazi: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1980, na katika kila halmashauri, Baraza la Madiwani. Kila mara tulitumiapo neno hili tunabeba maana zote tatu: benchi la majirani, hadhara ya sultani, na uwanja wa bwana shauri. Swali la kila kikao cha baraza ni maana ipi kati ya hizo ndiyo inayotawala siku hiyo.

3.0 Diwani, jumbe na hongo

Neno la pili, diwani, lina safari ndefu zaidi. Ni neno lenye asili ya Kiajemi lililoingia katika Kiarabu mapema sana. Katika karne ya 7, wakati wa ukhalifa wa Umar bin al-Khattab, diwani lilikuwa ni daftari: orodha ya majina ya watu waliostahili kulipwa kutoka katika mali ya umma, na kiasi cha kila mmoja. Kwa hiyo mwanzo wa neno hili katika utawala ni hesabu. Kutoka daftari likawa ofisi iliyotunza daftari, kisha kikao cha wakubwa wa ofisi hiyo. Kwa upande mwingine, kwa kuwa daftari ni mkusanyiko, neno likatumika kwa mkusanyiko wa mashairi ya mtunzi mmoja.

Kiswahili kilizipokea maana hizi na kikaongeza yake: diwani akawa mtu. Katika miji ya Mrima na katika Vumba, diwani lilikuwa ni cheo cha mtawala wa mji. Katika miji mingi ya Mrima cheo hicho kilikaribiana na kile cha jumbe, na si nadra kuyakuta maneno yote mawili katika habari za mji mmoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maelezo yake ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ametuachia habari za namna mtu alivyotawazwa kuwa jumbe. Jambo linalojitokeza ni gharama. Anayetaka cheo alipaswa kulipa ada kwa wenye vyeo waliomtangulia, kufanya karamu, kupiga ngoma, na kuwalisha watu wa mji. Kwa maneno mengine, mtawala alianza kwa kuulipa mji kabla mji haujamlipa yeye.

Naye alilipwa. Misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu, na iliyokwenda bara na nguo na shanga, ililipa ada kwa wenye mji. Malipo waliyotozwa wapita njia na watawala wa nchi walizopitia, pwani hata bara, yalijulikana kwa jina la hongo. Katika karne ya 19 hongo halikuwa neno la aibu. Ilikuwa ni tozo iliyofahamika. Mwenye msafara aliitarajia, akaijadili kwa kirefu, akailipa mbele ya watu, na kwa malipo hayo alipata njia, maji na amani.

Leo hongo ni rushwa. Mabadiliko haya ya maana yanatufundisha jambo. Malipo yenyewe hayakubadilika sana: mtu anampa mwenye mamlaka kitu ili apite. Kilichobadilika ni mazingira. Utawala wa kikoloni ulipojitwalia peke yake haki ya kutoza, tozo ya jumbe ilipoteza uhalali, na kilichoendelea kupokewa kilipokewa pembeni. Fedha ileile iliyokuwa mapato ya mji ilipoondolewa hadharani ikawa jinai. Nisieleweke kwamba ninaisifu miji ya Mrima. Jumbe hakuchaguliwa kwa kura, watumwa hawakuwa na sauti, na karamu ilikuwa pia ni njia ya matajiri kununua heshima. Nisemalo ni kwamba katika miji hiyo malipo na usimamizi vilikuwa ni kitendo kimoja. Aliyekula karamu ya jumbe alikuwa shahidi wa cheo chake, na aliyekuwa shahidi aliweza pia kumsema.

4.0 Manispaa na meya mshairi

Dar es Salaam, iliyofanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ilikuwa ni mji wa namna nyingine. Chini ya Waingereza uligawanywa katika kanda tatu ambazo majina yake ya mitaani yanasema yote: Uzunguni, Uhindini, na eneo la Waafrika lililozunguka Kariakoo. Barabara, mabomba na taa vilifuata mpaka wa kanda. Mwaka 1949 mji ulipewa hadhi ya manispaa na kupata meya, lakini wajumbe wa baraza lake waliteuliwa. Mkazi wa Kariakoo alilipa ushuru sokoni na kodi ya nyumba, na fedha hizo zikajadiliwa na watu ambao hakuwachagua, katika lugha ambayo aghalabu hakuifahamu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1960 una uzito wa pekee. Mwaka huo Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyezaliwa Ujiji alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Wanafunzi wa fasihi wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho kiliweka kwa maandishi kanuni za vina na mizani. Tazameni jinsi neno moja linavyokutana na mtu mmoja: mwandishi wa diwani ya mashairi anakuwa kiongozi wa madiwani wa jiji. Mji huo ulipopata hadhi ya jiji, Desemba 1961, kwa mara ya kwanza mambo ya bajeti ya mji yaliweza kuzungumzwa na wawakilishi walioelewa Kiswahili cha mlipakodi. Amri Abedi baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40 tu.

Si bahati tu kwamba neno diwani ndilo lililochaguliwa kumwita mjumbe wa baraza la mji katika Kiswahili cha uhuru. Neno lilikuwa na heshima ya pwani na harufu ya daftari la hesabu. Mjumbe aliyeitwa kwa jina hilo alikumbushwa, kama angetaka kukumbuka, kwamba kazi yake ya kwanza ni kujua nani amelipa nini, na nani amelipwa nini.

5.0 Ruzuku

Kumbukumbu hiyo haikudumu. Kati ya mwaka 1969 na 1970 mabaraza ya Tanzania yalipokonywa vyanzo vyake viwili vikuu vya mapato: kodi ya kichwa ya serikali za mitaa, na ushuru wa mazao. Kufutwa kwa kodi hizo kuliwapunguzia wananchi mzigo, na kwa hakika kulipokelewa kwa furaha. Lakini mabaraza yalibaki na majukumu bila mfuko. Ilipofika mwaka 1972, Serikali, ikishauriwa na kampuni ya Marekani ya McKinsey, ilianzisha mpango ulioitwa madaraka mikoani. Kwa jina, madaraka yalishushwa. Kwa kweli, mabaraza yaliyochaguliwa yalifutwa, kwanza vijijini na kisha mijini, na nafasi yake ikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu waliopangwa mikoani na wilayani.

Matokeo mijini yalionekana haraka: mitaro iliziba, takataka zikarundikana, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaenea nchini. Sheria ya mwaka 1978 ilizirudisha halmashauri za miji, na sheria za mwaka 1982 zikaandaa kurudi kwa mfumo mzima wa serikali za mitaa, ulioanza upya mwaka 1984. Mwaka huohuo Katiba iliongezewa ibara za 145 na 146, zinazotambua serikali za mitaa na kueleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Halmashauri zilirudi, lakini fedha zake zilirudi kwa jina jipya: ruzuku. Neno hili tulitazame kwa makini. Linatokana na mzizi uleule unaotupa riziki. Katika matumizi ya kidini na ya kila siku, anayeruzuku ni Mwenyezi Mungu. Kiumbe hupokea na kushukuru. Hakuna anayemwomba Mola risiti. Neno lenye maana hii lilipopewa kazi ya kutaja fedha zinazotoka Hazina kwenda halmashauri, lilibeba picha isiyokuwa sahihi. Fedha za Hazina zimetoka kwa walipakodi, wakiwamo wakazi wa mji uleule unaoruzukiwa. Zinarudi kwao. Lakini lugha inazionyesha kama fadhila inayoshuka. Diwani anayepokea ruzuku hujiona ana deni la shukrani kwa aliye juu, na kumbe deni lake halisi ni la maelezo kwa walio chini.

Kenya ilipita njia iliyofanana. Mwaka 1969 shughuli za elimu ya msingi, afya na barabara ziliondolewa kutoka mabaraza ya kaunti za wakati ule na kuhamishiwa Serikali Kuu. Miaka 30 baadaye, kuanzia mwaka wa fedha 1999/2000, mfuko maalumu ulianza kuyarudishia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Tofauti na ruzuku inayotolewa kwa hiari ya mtoaji, mgawo huo uliwekwa kwa kiwango na sheria. Jina la fedha si jambo dogo: kilichoandikwa kuwa ni sehemu yako unaweza kukidai, lakini fadhila huidai.

6.0 Tume na matumizi

Sasa tufike kwenye neno lililo katika anwani ya mhadhara huu. Tume linatokana na kitenzi tuma. Ukoo wake ni mkubwa: mtume, mtumishi, utume, ujumbe wa aliyetumwa, na hata mtumwa, ambaye ametumwa bila uwezo wa kukataa. Kutokana na mzizi huohuo, kwa kuongeza kiambishi cha kutendea, tunapata tumia, na kutoka tumia tunapata matumizi. Tume na matumizi, basi, ni watoto wa tumbo moja. Mwenye kutumwa hupewa kitu cha kutumia. Lakini sarufi ya kitenzi tuma inadai mambo matatu: mtumaji, mtumwa na anayepelekewa. Sentensi isiyomtaja mtumaji haijakamilika kimaana, hata kama imekamilika kimuundo.

Tume ya Jiji la Nairobi ya mwaka 1983 na ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1996 zilitajiwa sababu zinazofanana: fedha zimepotea, huduma zimeanguka, madiwani wanagombana. Sababu hizo hazikuwa za uongo. Mkazi wa Dar es Salaam wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 alijua kwa pua yake kwamba sehemu kubwa ya takataka za jiji haizolewi. Ndiyo maana sehemu ya kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1994, kabla ya tume kuundwa. Wala hatuna budi kuwa waadilifu juu ya yaliyofanywa na Tume ya Keenja. Ukusanyaji wa mapato uliongezeka sana. Mikataba ya usafi ilipanuliwa kwa makampuni na vikundi vya mitaani. Barabara kadhaa zilitengenezwa. Wakazi wengi waliona mji unaanza kufanana na mji.

Hapa ndipo penye hoja ngumu, na nisingependa kuikwepa. Ikiwa watumwa kutoka juu wanazoa taka kuliko waliochaguliwa kutoka chini, je, mkazi ana sababu gani ya kuwadai waliochaguliwa? Wapo waliosema, na wangali wapo wasemao, kwamba mji ni kazi ya utaalamu, na kwamba kura ni anasa mbele ya mtaro uliojaa.

Majibu yangu ni mawili. La kwanza ni la kihistoria. Halmashauri iliyovunjwa mwaka 1996 ilihukumiwa kwa udhaifu wa miongo miwili. Vyanzo vyake vya mapato vilikuwa vimenyang'anywa mwaka 1969 na 1970, chombo chenyewe kikafutwa kwa miaka kadhaa, kikarudishwa kikitegemea ruzuku. Madiwani wake wa vyama vingi walikuwa na umri wa chini ya miaka miwili madarakani. Tume, kwa upande wake, iliingia na uzito wa Serikali Kuu nyuma yake. Kulinganisha viwili hivi ni kama kulinganisha mkimbiaji aliyefungwa mguu na aliyepandishwa farasi, kisha kusifu miguu ya mpanda farasi.

La pili linahusu usimamizi. Mama lishe aliyevunjiwa kibanda na mgambo wa Tume angelalamika kwa nani? Diwani wa kata yake hakuwapo. Tume iliwajibika kwa waliyemtuma, naye aliyeituma alikuwa waziri, ambaye jimbo lake la uchaguzi huenda lilikuwa mamia ya kilomita kutoka Manzese. Huenda ubomoaji ule ulikuwa wa lazima, huenda haukuwa. Kwa vyovyote, hapakuwa na benchi la kuketi na kulijadili jambo hilo na mwenye uamuzi. Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa kazi hii: simamia. Maana yake ni kusimama juu ya jambo ili lisiharibike, na pia kusimama kwa niaba ya mtu, kama msimamizi wa mirathi anavyosimama kwa niaba ya warithi. Tume ilisimamiwa kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, mkazi hakuwa na wa kumsimamia.

Ni jambo la kufurahisha kwamba Keenja mwenyewe, baada ya kazi yake ya Tume, aligombea ubunge wa Ubungo mwaka 2000 akachaguliwa, kisha akawa waziri. Aliyetumwa kutoka juu alikwenda kuomba kutumwa kutoka chini. Wapigakura wa Ubungo walipata nafasi ya kusema neno juu yake. Wakazi wa jiji zima hawakuwa wameipata nafasi hiyo wakati wa Tume.

7.0 Baada ya tume

Mwaka 2000 Dar es Salaam iligawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji. Baadaye ziliongezwa manispaa za Ubungo na Kigamboni. Mjadala wa fedha ulichukua sura mpya: Halmashauri ya Jiji ilisimama juu ya manispaa bila kuwa na eneo lake mahususi la kuhudumia, na manispaa zikauliza kwa nini ziichangie. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri hiyo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Wakati huohuo vyanzo vya mapato viliendelea kuhama. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na kuanzia mwaka 2021 mwenye nyumba akaanza kuilipa anaponunua umeme wa LUKU. Njia hiyo ni rahisi na ni vigumu kuikwepa. Lakini mlipaji anayekatwa kodi ya nyumba kwenye umeme wake hamwoni tena diwani katika malipo hayo, na diwani hamwoni mlipaji.

Nairobi nayo ilirudiwa na historia yake. Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, na jina la diwani likaanza kupisha lile la mwakilishi wadi. Hata hivyo, mwaka 2020 shughuli kadhaa za kaunti zilihamishiwa chombo kilichowekwa na Serikali ya Taifa, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, kilichoongozwa na afisa wa jeshi hadi mwaka 2022. Mvutano uliofuata kati ya gavana, bunge la kaunti na chombo hicho ulihusu hasa mambo yetu mawili: nani aidhinishe fedha zake, na nani akihoji. Miaka 37 baada ya tume ya mwaka 1983, swali lilikuwa lilelile, ila safari hii liliulizwa hadharani, kwa sababu Katiba ilikuwa imewapa wawakilishi mahali pa kuliulizia.

8.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tumelifuata neno la benchi hadi uwanjani, neno la daftari hadi kwa mtu, neno la tozo hadi kwenye rushwa, neno la riziki hadi kwenye bajeti, na neno la kutumwa hadi kwenye tume. Katika kila safari tumeona jambo moja likijirudia. Fedha za mji zilipolipwa na kusimamiwa mahali pamoja, mbele ya watu walewale, neno lilihifadhi heshima yake. Zilipotenganishwa, neno liliharibika au lilidanganya.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyo mbele yetu ni ya wazi. Miswada ya sheria ndogo, kumbukumbu za vikao vya mabaraza, mabango ya kutangaza viwango vya ushuru masokoni, haya yote ni matini. Fasihi tumeisoma kwa bidii. Matini za bajeti tumewaachia wahasibu. Ningependa kumwona mwanafunzi wa isimu akichunguza jinsi nafsi ya mtenda inavyofichwa katika kumbukumbu za kikao: "imeamuliwa", "imekubaliwa", "fedha zimetengwa". Kauli ya kutendwa ni halali katika sarufi. Inapotumika katika kila aya ya taarifa ya matumizi, inakuwa ni pazia.

Na kwa sisi sote tulio wakazi wa miji, nadhani lugha yetu imetupa kipimo chepesi. Inapoundwa tume yoyote, iwe ya kusafisha jiji, kuchunguza fedha au kuchora mipaka ya kata, tusiishie kuuliza itafanya nini. Tumalizie sentensi: imetumwa na nani, itatumia cha nani, na itarudi kwa nani kutoa jibu la ujumbe wake? Mtumwa mwema, kwa desturi yetu, haachi kurudi kwa aliyemtuma. Basi ni juu yetu kuhakikisha kwamba anayerudiwa ni sisi.